Usiku Tuliolala Kilifi Tukingoja Maji

Baba alipata uhamisho mwaka 1986, kutoka Malindi kwenda kufundisha Msambweni. Mimi nilikuwa na miaka tisa, ndugu yangu sita, dada yetu mitatu, na kitindamimba alikuwa bado ananyonya. Tulipakia lori baada ya Alasiri: samadari iliyofunguliwa vipande, magodoro, kabati la vyombo, mapakacha ya nazi, na kuku sita ndani ya tenga. Nyanya alitusomea dua mlangoni, kisha akamwambia mama, "Mwanangu, ukifika Kilifi washike watoto."

Hakutaja Mombasa wala Likoni. Alitaja Kilifi. Barabara ya Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi, na siku hizo ilikatika katikati: ilizama majini upande wa mji wa Kilifi ikaibuka upande wa pili, Mnarani. Baina ya pande hizo mbili palikuwa na feri. Bibi harusi, maiti, mgonjwa, gunia la korosho, wote walishuka mteremko ule ule na kungoja zamu.

Tulifika saa mbili usiku. Mwezi ulikuwa mpevu, na hilo ndilo lililotuweka. Mwezi mpevu huleta bamvua, na katika bamvua ya pwani yetu maji hupwa sana mnamo saa nne usiku, yasijae tena mpaka karibu na alfajiri. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Gari dogo liliweza kushuka hata maji yakiwa chini, lakini lori lililosheheni lilikuwa jambo jingine. Dereva wetu, mzee wa Kigiriama aliyeijua njia ile tangu ujana wake, aliteremka akayatazama maji kwa muda, akarudi akazima injini.

"Mwalimu, tulale. Maji yakirudi tutavuka."

Mama alitandika mkeka juu ya magodoro, tukalala tukiutazama mwezi. Nasema tulilala, lakini mimi sikulala. Mteremko wa feri usiku ulikuwa mji kamili. Palikuwa na taa za chemli juu ya meza, viazi karai, mahamri, samaki wa kukaanga, madafu yaliyopangwa chini, na vijana waliopita dirisha kwa dirisha na korosho za kuchoma ndani ya karatasi za gazeti zilizosokotwa. Abiria wa mabasi waliteremshwa wote wavuke kwa miguu, basi liingie peke yake. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kupita Kilifi bila kuonana na watu. Usiku ule mama alikutana na binti wa shangazi yake aliyekuwa akitoka Mombasa; hawakuwa wameonana tangu harusi ya mmoja wao. Walikaa juu ya pakacha la nazi wakizungumza mpaka honi ya basi ikamwita mgeni wetu.

Nyanya mwenyewe alihama mara moja tu maishani, na hakupitia barabarani. Alitwambia kuwa ujanani mwake aliyekuwa na watoto na vyombo alingoja kaskazi, akapanda jahazi Malindi jioni, na kesho yake akaamkia Mombasa. Njia ya nchi kavu ilikuwa na maji matatu ya kuvuka: Kilifi, kisha Mtwapa, ambako feri ilivutwa kwa mnyororo na mikono ya wanaume waliokuwa wakiimba, kisha Nyali, kwenye daraja lililoelea, lililofunguliwa mwaka 1931, na wavukao wakatozwa ushuru. Alizikumbuka sana zile nyimbo za Mtwapa. Aliziimba akitwanga.

Na kabla ya nyanya walikuwapo wengine. Mwaka 1837 Seyyid Said, mtawala wa Omani na Zanzibar, alipouvunja utawala wa ukoo wa Mazrui Mombasa, ukoo ule uligawanyika: wengine walikwenda kaskazini wakakaa Takaungu, wengine kusini wakakaa Gasi. Watoto wao nao walibebwa, na vyombo vyao vikafungwa kwa kamba. Takaungu iko karibu na Kilifi, na Gasi iko njiani ukienda Msambweni. Safari yetu ya lori ilipita karibu na miji hiyo miwili kwa usiku mmoja na asubuhi yake, na nilipokuja kuisoma habari hiyo darasani miaka baadaye niliielewa upesi, kwa sababu nilikuwa nimeshahama.

Saa tisa usiku dereva aligonga ubavu wa lori. Maji yalikuwa yamepanda. Mama alimfunga mtoto mgongoni kwa leso moja, akachukua ya pili, akaishika ncha moja yeye na kutupa sisi watatu tuliobaki upindo wa kushika. "Asiachie mtu." Tulishuka hivyo, mmoja nyuma ya mwingine, zege likiwa na utelezi wa chumvi, na lori likatutangulia polepole baba akitembea kando ya gurudumu. Chombo kilipoondoka niliona maji meusi yakikimbia kwenda juu, kutoka baharini kuingia ndani ya hori, na feri ikielekea mkondoni kwa ubavu ili isichukuliwe. Juu ya ukingo wa pili, kwenye miti, kulikuwa na msikiti na makaburi ya kale ya Mnarani, ingawa wakati ule sikujua. Nilichokijua ni ile leso mkononi.

Adhana ya Alfajiri ilitukuta Mombasa, na Likoni tulivuka jua likichomoza. Huko feri ingaliko mpaka leo. Tangu msiba wa feri ya Mtongwe wa tarehe 29 Aprili 1994, uliochukua watu 272, siwezi kuona mama na watoto chomboni nisiwatazame mpaka washuke.

Kilifi walijengewa daraja kwa msaada wa Japani, likafunguliwa mwaka 1991. Sikatai heri yake. Mjamzito wa Mnarani hangoji tena maji yajae ndipo avuke kwenda hospitali, na hilo peke yake linatosha. Lakini gari sasa hupita juu kwa dakika moja, na ule mji wa usiku uliishi kwa kungoja. Kungoja kulipokwisha, nao ulikwisha.

Historia ya pwani tumeiandika kwa ngome, masultani na Wareno. Ya vivuko iko kwa wazee waliofunga kamba, waliopima mkondo kwa macho, na wale waliouza korosho wakiwa watoto. Wengi wa wazee hao sasa wana miaka sabini na zaidi. Ewe msomaji wa Kilifi, Takaungu au Mtwapa, ikiwa yumo mmoja nyumbani kwenu, keti naye wiki hii na daftari. Mwulize majina ya wenzake, na akikumbuka wimbo, mwache auimbe mpaka mwisho ndipo uandike.