Kabla ya kuformata: historia ya mashini nzito za Uvira

Uvira, Kivu ya Kusini. – Kompyuta ikichelewa kufunguka au ikiganda kabisa, dawa ambayo wakaaji wengi wa Uvira wameizoea ni moja: kuformata, yaani kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya. Mashini hurudi kuwa nyepesi. Lakini picha za familia, diploma zilizoskaniwa na karatasi za kiwanja huwa zimekwenda. Kwa familia iliyokimbia na kuacha nyumba, nakala iliyo ndani ya mashini inaweza kuwa ndiyo pekee iliyobaki. Historia ya mashini hizi inaonyesha kwamba mara nyingi ugonjwa ni mwingine, na dawa ni nyingine pia.

Kwanza, njia ziliyopitia. Kompyuta nyingi zinazofika kaskazini mwa Tanganyika ni mitumba. Nyingine hushushwa Dar es Salaam, hufuata barabara au ile reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, kisha hupanda boti hadi bandari ya Kalundu. Nyingine hupitia Bujumbura na mpaka wa Kavimvira. Mashini ya wakati wa Windows XP, mfumo uliotoka mwaka 2001, mara nyingi ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 256 au 512. Ilipofika kwa mnunuzi wa tatu au wa nne, iliwekewa Windows 7 ya mwaka 2009, ambayo inadai gigabaiti 1 kwa uchache.

Kumbukumbu ni kama meza ya karani, na diski ni kabati yake. Meza ikijaa, karani analazimika kuamka kila mara kwenda kabatini, na wateja wanangoja. Ndiyo maana mashini inaganda mtu akifungua kazi tano pamoja. Hapo hakuna kilichokufa. Kuzuia programu zinazojiwasha zenyewe, kupunguza mizigo kwenye diski iliyojaa, au kuongeza kipande cha kumbukumbu, kunaweza kutosha.

Pili, umeme. Uvira inategemea mabwawa ya mto Ruzizi, upande wa Bukavu. Ruzizi ya kwanza ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Ya pili, ambayo Kongo, Rwanda na Burundi zinagawana, ilianza kazi mwaka 1989. Watu wameongezeka kuliko mitambo, na neno delestaji linajulikana hata na watoto. Diski ya kuzunguka, aina ambayo kampuni ya IBM ilianza kuiuza mwaka 1956, haivumilii kukatiwa umeme ghafla inapoandika. Mafaili huvurugika, na wakati mwingine sehemu ya diski yenyewe huharibika. Mashini ikifika hapo hurudia kusoma mara nyingi, nayo imesimama kimya. Ikianza kulia tik-tik, huo ni mwito wa kuhamisha mafaili haraka. Kuformata hakuponyi diski hiyo, kwa sababu kidonda kiko ndani ya chuma.

Tatu, virusi. Mwezi wa kumi na moja 2008 kilitokea kirusi kilichoitwa Conficker, kikasambaa duniani kote kwa mitandao na pia kwa flashi. Wengine wa aina hiyo walifuata. Katika miji ambako intaneti ilikuwa ghali, flashi ndiyo iliyokuwa posta: inatoka shuleni, inaingia sekretaria publiki kuchapisha barua, inarudi nyumbani. Mwezi wa pili 2011, kampuni ya Microsoft ilitoa marekebisho ya kuzuia Windows XP isifungue flashi yenyewe. Lakini marekebisho hayo yalipitia intaneti, na mashini isiyoungwa haikuyapata. Umbali ule ule ulioleta flashi ndio uliozuia dawa.

Kuna virusi vinavyoficha mafolda na kuacha mahali pake vialama vidogo vya njia ya mkato. Mwenye flashi huona kazi zake zimepotea, naye anakubali iformatiwe. Kumbe mafaili yapo, yamefichwa tu, na fundi anaweza kuyaonyesha tena kwa dakika chache.

Nne, hali ya pwani yenyewe. Joto la Uvira na vumbi la kiangazi huziba feni. Mashini ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo ili isiungue, au huzimika. Mswaki mkavu na nafasi ya kupumua vinasaidia. Baada ya mafuriko ya mto Mulongwe, usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020, maji ya matope yaliingia katika nyumba nyingi. Mashini iliyolowa isiwashwe kwa kujaribu. Diski yake ikitolewa, ikakaushwa na kuchunguzwa na fundi, wakati mwingine inasomeka.

Kwa hiyo mpango wa kazi ni huu. Kwanza kuokoa mafaili: hata kama Windows imekataa kufunguka, Linux inaweza kuwashwa kutoka flashi na kunakili kila kitu. Pili kutafuta chanzo: joto, diski, kumbukumbu au virusi. Tatu kuponya hicho tu. Kuformata ni hatua ya mwisho, na mwenye mashini ana haki ya kumuuliza fundi: mafaili yangu yako wapi sasa hivi?

Swali hilo limekuwa zito zaidi. Tarehe 14 mwezi wa kumi 2025 Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na mashini nyingi za zamani hazikubali mfumo unaofuata. Miezi miwili baadaye vita vilifika Uvira, na familia nyingi zikavuka kwenda Burundi. Wengine walibeba mashini begani na wengine walibeba diski peke yake. Mashini nzito inaweza kungoja wiki moja zaidi. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kikifutwa, ofisi iliyokitoa inaweza kuwa imefungwa.