Fuwele na Uzito Hafifu: Historia Fupi ya Istilahi Mbili

Katika maduka ya Kariakoo shabu, chumvi ya mawe na sukari ni bidhaa za kila siku, na zote ni fuwele, yaani yabisi ambazo chembe zake zimejipanga kwa utaratibu unaojirudia. Kiarabu kilitupatia jina la kitu hiki, bilauri, lakini katika Kiswahili neno hilo lilihamia kwenye gilasi ya kunywea. Hivyo sayansi ilihitaji neno lingine, na fuwele ndilo lililokubalika.

Istilahi ya pili, inayohusu ukuzaji wa fuwele hizo angani, ingali inatatiza. Mwaka 1983 jaribio la mwanakemia Mjerumani Walter Littke lilikuza fuwele za protini katika maabara ya Spacelab. Mwaka 2017 kampuni ya Merck ilipeleka dawa yake ya saratani, pembrolizumab, katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mwaka 2023 kampuni ya Varda ilirusha chombo kilichokuza fuwele za ritonavir, dawa ya kupambana na virusi vya UKIMWI. Kilitua Utah Februari 2024. Yafaa ikumbukwe kuwa mwaka 1998 kapsuli za dawa hiyo ziliondolewa sokoni, kwa kuwa zilijitokeza fuwele za umbo jipya zisizoyeyuka vizuri. Umbo la fuwele, basi, laweza kuamua kama dawa itamfaa mgonjwa.

Baadhi ya tafsiri huiita hali ya chomboni "kutokuwepo kwa uvutano". Hilo si sahihi. Katika kimo cha kilomita 400 uvutano wa dunia ungali takriban asilimia 90 ya ule wa hapa Dar es Salaam. Chombo na vilivyomo huanguka pamoja daima huku vikiizunguka dunia. Ndiyo maana uzito hausikiki. Humo kimiminika chepesi hakipandi wala chembe nzito hazituami, na fuwele huweza kukua taratibu, zikiwa na dosari chache.

Kwa hiyo tunapendekeza "uzito hafifu", kwani kinachopungua ni uzito, si uvutano. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba uvutano haupo atauliza kwa haki: ni nini basi kinachokizuia chombo kisipotelee mbali? Istilahi isiyo sahihi humwacha mwalimu bila jibu.