Mvuke wa Olkaria Waingia Kwenye Maua

Leo twende Naivasha, Kenya, karibu mita 1,900 juu ya bahari. Mchana jua, usiku baridi. Usiku huo unyevu hushika majani ya waridi ndani ya nyumba za plastiki, na kuvu hufuata. Na ua lenye doa, nani atalinunua?

Jirani hapo, Olkaria, mvuke wa chini ya ardhi ulianza kutoa umeme mwaka 1981. Shamba la maua la Oserian likakodi kisima kimoja cha mvuke kwa kampuni ya umeme ya KenGen, na mwaka 2003 likaanza kupasha joto nyumba zake. Vipi? Mvuke ulipasha moto maji safi, maji yakapita mabombani usiku, hewa ikakauka, kuvu ikapungua, na dawa vilevile. Hewa ya kaboni itokayo kisimani nayo ikalishwa maua. Eneo lililopashwa likafika hekta 50.

Wewe, mwenzangu, huna kisima cha mvuke. Lakini adui wa nyanya zako ni yule yule: unyevu. Basi panda kwa nafasi, mwagilia asubuhi, tena shinani, si juu ya majani.