Kamera Ilifundishwa Weupe



Nenda kafungue albamu ya harusi ya miaka ya 1970, ya mama au ya shangazi, utafute biharusi mweusi. Shela imetoka safi, dhahabu inang'aa, lakini uso umekuwa kivuli, yanaonekana macho na meno tu. Tumekua tukisikia watu wakisema fulani hakutoka vizuri kwa sababu ni mweusi sana. Basi hebu tuitazame hiyo kamera.

Mikanda ya picha za rangi ilitawaliwa kwa miaka mingi na Kodak, kampuni ya Marekani, na ilifika mpaka huku kwetu. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak ilikuwa ikizipelekea maabara za kusafishia picha kadi ya mfano. Kwenye kadi kuna mwanamke mmoja wa kizungu, kavaa vizuri, katabasamu. Wa kwanza alikuwa mfanyakazi wao aitwaye Shirley, na wote waliomfuata kwenye kadi wakaitwa Shirley vilevile, hata kama jina lake lilikuwa jingine. Msafishaji picha akiona ngozi ya Shirley imetoka sawa, anajua mashine imekaa sawa. Picha za kila mtu zinapita hapohapo, na zako pia.

Si kadi peke yake. Dawa za mkanda wenyewe zilichanganywa kwa kupimia ngozi nyeupe, rangi za kahawia zikaachiwa nafasi ndogo. Weka mtoto mweusi na mzungu katika picha moja ya darasa, mmoja ataonekana, mwengine atapotea. Wazazi weusi kule Marekani walilalamika. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtengeneza filamu Jean-Luc Godard, aliyealikwa Msumbiji, alikataa kutumia mkanda wa Kodak, akasema una ubaguzi.

Sasa sikilizeni kilichoifanya Kodak ibadilike. Walikuja watengenezaji wa chokoleti, wanasema chokoleti nyeusi na ya maziwa hazitofautiani pichani. Wakaja na wauza samani, mbao zao zote zinatoka rangi moja. Hapo ndipo kahawia ikashughulikiwa! Mkanda mpya ulipotoka miaka ya 1980, sifa yake ilitangazwa kuwa unaweza kumpiga farasi mweusi penye mwanga hafifu. Farasi, dada zangu. Wanawake weusi hawakutajwa. Kadi yenye wanawake watatu, mweupe, mweusi na wa Asia, ilikuja miaka ya 1990.

Kwa hiyo kwa miaka kama arobaini magazeti, kalenda na albamu zilituonesha kwamba mweupe ndiye anayetoka vizuri, na sisi tukaamini kwamba kasoro iko usoni. Leo wengi wetu hatutumii tena mikanda, lakini baadhi ya simu zina vichujio vinavyokung'arisha bila kuombwa. Na wapo maharusi wanaoanza mkorogo miezi kabla ya nikahi, kisa picha. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, na zebaki inaharibu figo. Singo na liwa za masomo wetu zilikuwa za kulainisha ngozi na kuitia harufu, hazikuwa na haja ya kumbadilisha mtu.

Mimi ni fundi wa nguo, nitasema la upande wangu. Satini nyeupe pee inarudisha mwanga mwingi, kamera ikiifuata hiyo, uso wako unazama. Rangi ya maziwa au krimu inapatana zaidi na ngozi nyeusi pichani. Siku ya kujaribu mapambo, faundesheni ipakwe kwenye taya, kisha toka nje uitazame kwa mwanga wa jua, usiitazame chini ya taa za saluni. Na mpiga picha mwambie mapema apimie mwanga usoni mwako, asipimie kwenye gauni.