Maradhi ya akili: Je, mgonjwa aweza kupona bila msaada?

JIKAZE, yatapita. Hiyo ndiyo nasaha ya kwanza apewayo mtu aliyekosa usingizi na kukata tamaa, awe mjini Lodwar au katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi mwa mji huo. Wanaoitoa hawana nia mbaya. Kaunti ya Turkana ni pana, vituo vya afya viko mbalimbali, nayo Mathari, hospitali kuu ya taifa ya maradhi ya akili, iko Nairobi, zaidi ya kilomita 600 kutoka Lodwar. Wengi hujikaza kwa kuwa hawaoni njia nyingine.

Je, kujikaza kwatosha? Yako maradhi ya akili yanayoweza kupungua na hata kuisha bila dawa wala daktari. Yako pia yale ambayo kuyangojea yaishe ni kuhatarisha maisha. Kazi ya jamaa ni kujua tofauti.

Huzuni na ugonjwa

Si kila anayelia ni mgonjwa. Mfugaji aliyeshuhudia mifugo yake ikifa katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, au mama aliyeingia Kakuma akikimbia vita vilivyozuka Sudan Kusini Desemba 2013, ana kila sababu ya kukesha na kukosa hamu ya chakula. Kwa watu wengi hali hiyo hupungua kadiri wanavyopata usalama, riziki na mtu wa kuzungumza naye.

Wapo ambao haipungui. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mtu 1 kati ya 5 katika maeneo yaliyokumbwa na vita ana tatizo la akili, na kwamba karibu 1 kati ya 20 anaugua vikali.

Hata miongoni mwa waliougua hasa, wako wanaopata nafuu bila tiba. Uchambuzi wa tafiti kuhusu sonona, yaani huzuni nzito inayomnyima mtu nguvu na matumaini, ulichapishwa mwaka 2013. Ulikadiria kuwa kati ya wagonjwa 100 wasiotibiwa, 23 hupata nafuu katika miezi 3 na 53 katika miezi 12. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2014, kuhusu kiwewe kinachotokana na mikasa, ulionyesha kuwa takriban 44 kati ya 100 hatimaye hawakuwa tena na ugonjwa huo.

Takwimu hizo zatia moyo, ila zina upande wa pili. Karibu nusu ya wenye sonona huwa bado wanaumwa mwaka unapokwisha. Kwa mtu anayetegemewa kuteka maji, kuchunga mbuzi au kulea mtoto mchanga, mwaka mzima wa kushindwa kuinuka ni hasara kwa boma zima. Isitoshe, sonona ina tabia ya kurudi.

Kujisaidia kwa mwongozo

Ushahidi ulio karibu zaidi na hali ya Kakuma ulitoka Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda. Huko wanawake 694 wakimbizi kutoka Sudan Kusini walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Baadhi yao walihudhuria vikao 5 vya makundi, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba na kupewa kitabu cha picha. Walifunzwa namna ya kutuliza pumzi na mwili, kuyatambua mawazo mazito bila kutawaliwa nayo, na kutenda mambo wanayoyathamini hata siku za dhiki. Waliongoza vikao hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Miezi 3 baadaye, waliohudhuria walikuwa na dhiki ndogo kuliko wenzao.

Mpango huo huitwa wa kujisaidia, na kweli kila mwanamke alijifanyia kazi hiyo mwenyewe. Lakini hakuifanya peke yake: aliketi na wenzake, akaelekezwa, na waliokuwa katika hatari kubwa walielekezwa kwingine kwa msaada zaidi.

Maradhi yasiyongoja

Mtu anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, anayeamini bila msingi kuwa anawindwa, au anayekaa siku kadhaa bila kulala huku akijiona ana uwezo wa ajabu, hawezi kuambiwa ajikaze. Hizo zaweza kuwa dalili za skizofrenia au maradhi mengine makali, na kadiri tiba inavyochelewa ndivyo nafuu inavyokuwa ngumu. Vivyo hivyo mama anayechanganyikiwa baada ya kujifungua, na yeyote anayezungumzia kujiua.

Kuchanganyikiwa ghafla kukiambatana na homa ni jambo la dharura, kwani malaria iliyofika ubongoni huweza kuonekana kama wazimu. Naye mlevi wa miaka mingi wa chang'aa asiiache kwa siku moja bila ushauri wa daktari: aweza kupatwa na kifafa na hata kufa.

Pa kuanzia

Si lazima safari ianzie Mathari. Mwaka 2015 WHO na shirika la wakimbizi, UNHCR, yalitoa mwongozo unaomwezesha daktari au muuguzi wa kawaida kutibu maradhi haya katika maeneo ya dharura. Waturkana wengi humwendea kwanza emuron, mganga na mwaguzi wa jadi. Wengine kasisi au sheikh. Faraja yao ina nafasi yake, mradi mgonjwa asifungwe kamba wala kuachishwa dawa.

Sheria nayo imebadilika. Marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Afya ya Akili yalizipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kuwa kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Kabla ya hapo kosa hilo lingeweza kumpeleka mtu jela miaka 2, na hofu hiyo iliwanyamazisha wengi.

Hata hivyo, hakuna zoezi la kutuliza pumzi liwezalo kuziba pengo la chakula. Mgao wa wakimbizi wa Kakuma ulipunguzwa sana mwaka 2025, na njaa huongeza dhiki ya akili.

Kwa jamaa wa mgonjwa, kipimo ni chepesi. Ikiwa huzuni imezidi majuma 2 na mtu hawezi kazi zake za kila siku, apelekwe kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Ikiwa anataja kifo au haelewi tena yanayomzunguka, apelekwe siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake njiani.