Makao ya Wafu katika Nchi ya Uzaramo

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kutazama jambo ambalo kila mtu hulifikiri, naye hulifikiri zaidi siku ya msiba: waliokufa wamekwenda wapi, nao wana habari gani nasi? Hatuji kuwaamulia wasikilizaji ni imani ipi iliyo ya kweli. Hiyo ni kazi ya masheikh, mapadre na wachungaji. Sisi twataka kusimulia habari za nchi moja tu, yaani Uzaramo, nchi iliyo nyuma ya Dar es Salaam, ambayo sehemu zake kubwa leo zaitwa Kisarawe na Kibaha. Katika nchi hiyo imani tatu zimekaa pamoja muda mrefu, tena mara nyingi chini ya paa moja.

Wazee wa Kizaramo walimjua Mulungu, muumba wa vyote, lakini hawakumwendea kwa kila haja. Waliokuwa karibu nao ni wale waliotangulia, yaani mizimu, na makao yao ni kuzimu. Kuzimu hakukuwa mahali pa moto, wala hakukuwa bustani ya raha. Mtu aliyekufa aliendelea kuwa mzee wa ukoo wake, akiangalia shamba, mvua na watoto. Akikumbukwa, huwalinda, akisahauliwa, huenda akaleta ugonjwa ili ajulikane. Ndiyo sababu watu walikwenda makaburini na unga na pombe kufanya tambiko, wakamwita marehemu kwa jina lake. Juu ya makaburi ya baadhi ya wazee walisimamisha nguzo za mti zilizochongwa kwa sura ya mwana hiti, mfano uleule uliotumika katika kumfunda mwali. Basi alama ya uzazi na alama ya mauti zilikuwa moja, kwa kuwa ukoo ulihesabiwa kuwa kitu kimoja, walio juu ya ardhi na walio chini yake.

Imani hiyo ilikuwa na faraja kubwa, walakini ilikuwa na mlango mwembamba. Makao mema ya mfu yalitegemea watu wa ukoo wake. Na katika karne ya 19 walipita katika nchi hiyo watu wengi wasio na ukoo. Misafara ya pembe na watumwa ilishuka kutoka bara kwenda Bagamoyo na pwani nyingine. Mtu aliyetekwa Manyema au Unyasa, akafa njiani au katika shamba la bwana wake, ni nani atakayekuja kaburini pake na unga? Ni nani alijuaye hata jina la babu yake? Twadhani jambo hili halina budi kukumbukwa na kila atakaye kufahamu kwa nini habari za pepo na za mbinguni zilipokelewa. Dini zile mpya zilimwambia mtu kwamba Mungu mwenyewe amjua kwa jina, hata kama hakuna ndugu wa kumtaja.

Uislamu ulikuwa wa kale sana katika miji ya pwani, ndipo ukaingia bara polepole kwa wafanya biashara na waalimu wa vyuo. Ulifundisha ya kwamba mfu akiisha kuzikwa huulizwa kaburini na malaika wawili, Munkari na Nakiri. Kisha hungoja katika barzakhi mpaka siku ya kiyama, siku ya kupimwa matendo. Mwema huingia peponi, penye mito ya maji, maziwa na asali. Mwovu huingia jahanamu. Mbele ya mizani ile hapaulizwi ukoo. Mfano mzuri twauona Bagamoyo kwa Sheikh Ramiya, aliyetoka Manyema akiwa mtumwa, akasoma, akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria, akaheshimiwa na waungwana hata alipofariki mwaka 1931.

Wakristo wa Ulaya walifika wakati Wadachi walipokuwa wakijishikiza nchini. Wabenediktini walijenga misioni Pugu mwaka 1888. Lakini Januari 1889, katika vita vya Abushiri, misioni ile ilishambuliwa, baadhi ya wamisionari wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Walutheri walianza kazi Kisarawe mwaka 1892, na Maneromango mwaka 1895. Kituo chao cha Kisarawe walikiita kwa lugha yao Hoffnungshöhe, maana yake Kilele cha Matumaini, nao wakakusanya huko watumwa waliokombolewa. Hapa tena twawaona watu wasio na makaburi ya wazee wao, wakiambiwa habari za nyumba ya Baba iliyo mbinguni na za kufufuliwa mwili siku ya mwisho.

Lakini Wakristo wenyewe hawakuleta neno moja. Padre wa Pugu alifundisha ya kwamba roho nyingi hupita kwanza toharani kutakaswa, na walio hai waweza kuzisaidia kwa sala na misa. Ndiyo maana Wakatoliki huwaombea marehemu wote kila tarehe 2 Novemba. Mchungaji wa Maneromango alifundisha ya kwamba mfu yu mikononi mwa Mungu, wala hakuna awezaye kumwongezea kitu kwa sala wala kwa sadaka. Ugomvi huo haukuzaliwa Uzaramo. Ulianza Ujeremani mwaka 1517, Martin Luther alipopinga biashara ya vyeti vya rehema, vilivyosemwa kuwa vyapunguza adhabu za toharani. Karibu miaka 400 baadaye, swali lile la Wittenberg lilifika katika vilima vya Pugu na Kisarawe, likakuta watu ambao tangu zamani walikuwa na jibu lao.

Mwaka 1905 jibu hilo la kale lilinena kwa sauti kubwa. Mto Ruvu, ambao leo maji yake husafishwa katika mitambo ya upande wa Kibaha na kunywewa Dar es Salaam, hutoka milima ya Uluguru. Katika milima hiyo mna pango la Kolelo, ambaye Wazaramo walimwendea kuomba mvua. Martin Klamroth, mmisionari wa Kilutheri aliyechunguza imani za Wazaramo, aliandika kwamba mwaka ule ilienea habari kuwa Kolelo amekataza kuwalipa Wazungu kodi. Kwamba gharika itakuja kuwaangamiza. Kwamba ardhi itafunguka na kuwameza. Huko Ngarambe, karibu na Rufiji, Kinjikitile Ngwale aligawa maji ya dawa. Wazee waliohojiwa katika miaka ya 1960 walikumbuka mafundisho yake kwamba waliokufa hawakupotea, bali wapo, na Mungu anawatunza. Basi Vita vya Maji Maji havikuwa vya kodi na pamba tu. Watu walikwenda vitani wakiamini kwamba wazee wao wako pamoja nao. Kinjikitile alinyongwa Agosti 1905. Kibasila wa Kisangire, jumbe wa Kizaramo, alinyongwa pia na Wadachi kwa ajili ya vita hivyo, na leo shule moja ya sekondari ya Dar es Salaam yaitwa kwa jina lake.

Baada ya kushindwa kule, Uislamu ulienea upesi katika vijiji vya Uzaramo. Mwaka 1908 barua zilizosemwa kuwa zimetoka Makka zilizunguka pwani, hasa upande wa Lindi, zikitangaza kuwa mwisho wa dunia umekaribia na kuwahimiza watu kutubu. Serikali ya Wadachi iliingiwa na hofu, kwani haikuwa imesahau gharika ya Kolelo. Hata hivyo Wazaramo wengi waliosilimu hawakuacha kuwakumbuka wazee wao. Walizika kwa sanda na jeneza, wakasoma talkini, wakafanya matanga, wakasoma hitima. Na katika nyumba nyingine tambiko likaendelea kando ya hayo. Wako masheikh walioyakemea matambiko, na wako Waislamu ambao hata hitima wameipinga. Majadiliano hayo hayajaisha.

Sasa twaomba wasikilizaji wayatazame maneno yenyewe, kwani lugha huhifadhi historia ambayo watu husahau. Kuzimu ni neno la mababu, la shina moja na mzimu. Walipotafsiri Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952, wafasiri hawakutafuta neno jingine; katika habari ya tajiri na Lazaro, yule tajiri yuko kuzimu. Peponi ni neno la Kiswahili lililotumiwa na Waislamu wa pwani kwa kuita makao ya wema. Wafasiri walelichukua, wakaliweka katika ahadi ya Yesu kwa mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja naye. Jehanamu limetujia kwa Kiarabu, na asili yake ni bonde moja lililo nje ya mji wa Yerusalemu. Basi Mkristo wa Maneromango na Mwislamu wa Mlandizi wakizungumza juu ya mauti, kila mmoja atumia maneno yaliyokwisha kukaa katika nyumba ya mwenzake.

Walakini maneno kuwa mamoja si imani kuwa moja, nasi hatutaki kuficha tofauti hiyo. Watu hudhani tofauti kubwa ni sura ya makao yenyewe: kwamba huyu angojea mito na bustani, yule angojea nyimbo za malaika, na mwingine aangalia msituni na chini ya ardhi. Kwa maoni yetu, historia ya Uzaramo yaonyesha kwamba swali lililowagawa watu ni jingine: je, walio hai wana wajibu gani kwa waliokufa? Mwenye tambiko asema, tuwalishe na kuwaita. Mwislamu asema, tuwaombee dua na kutoa sadaka. Mkatoliki asema, tuwatolee misa. Mlutheri asema, tumshukuru Mungu kwa ajili yao, nasi tuwaache kwake. Na kila aliyealikwa kuingia dini mpya alipaswa kupima jambo zito: nikienda peponi au mbinguni, baba yangu ambaye hakuyasikia mafundisho haya nitamkuta wapi? Hofu ya moto ilikuwako. Lakini hofu ya kutengana na watu wake mtu, hiyo nayo haikuwa ndogo.

Swali hilo halikubaki katika habari za kale. Mji wa Dar es Salaam umepanuka kuelekea Kibaha na Kisarawe. Barabara, reli na viwanda vyataka ardhi, na katika ardhi mna makaburi. Mwaka 1969 Tanzania ilitunga sheria ya kuhamisha makaburi kwa ajili ya mahitaji ya umma. Sheria hiyo yakubali jamaa walipwe gharama za kufukua na kuzika upya. Tena yataja na gharama za ibada za kuwatuliza marehemu zifanywazo wakati wa kuhamisha. Haisemi ziwe ibada za dini gani. Waliotunga sheria hawakuamua kama mfu yuko kuzimu, peponi au mbinguni. Waliona tu kwamba hakuna ukoo, uwe wa Kiislamu, wa Kikristo au wa wenye mizimu, utakaokubali wafu wake wachukuliwe kama mizigo. Nasi twaona hapo ndipo imani zote tatu za Uzaramo zilipokutana tangu mwanzo: kwamba aliyekufa angali mtu, naye ana watu wake.