Mtihani ukivurugika chuoni, haki inatendekaje?

Mzazi wa Nyarugusu anayesomesha mtoto chuo kikuu kwa fedha za duarani au za mpunga, akisikia kijana kapata sapu, huuliza kwanza: kwani hukusoma? Lakini wakati mwingine kosa si la mwanafunzi. Swali limechapwa vibaya, chumba kimoja kimepewa karatasi isiyo yake, au alama zimeingizwa kwenye namba ya mtu mwingine.

Hapo mhadhiri anatakiwa afanye nini?

Kwanza, amtaarifu mkuu wa idara mara moja, kwa maandishi. Asimalize jambo kimyakimya na wachache waliomfuata ofisini.

Pili, marekebisho yawaguse wote. Chukua mtihani wa alama 100 wenye swali moja bovu la alama 20. Likifutwa, aliyepata 52 kati ya 80 zilizobaki anahesabiwa 65. Lakini kama alilijibu akapata 16, jumla yake ni 68, na kulifuta kunampunja. Njia ya haki ni kupiga hesabu zote mbili, kila mwanafunzi apewe iliyo kubwa.

Tatu, kurudia mtihani kuwe hatua ya mwisho, pale karatasi nzima imeharibika. Wapewe muda wa kujiandaa, na usiandikwe kuwa ni sapu.

Taifa liliwahi kupita hapa

Februari 2013 yalitoka matokeo ya kidato cha nne ya 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume. Mei mwaka huo, William Lukuvi aliliambia Bunge kwamba matokeo yanafutwa na kupangwa upya kwa utaratibu wa 2011, kwa kuwa NECTA ilitumia utaratibu mpya wa madaraja bila maandalizi ya kutosha. Yalipangwa upya ya wote, si ya waliolalamika tu. Maelfu walipanda, ingawa wengi walibaki na sifuri. Kurekebisha kosa si kugawa alama za bure.

Kijana wako afanye nini?

Aandike barua ya rufaa mapema, maana kila chuo kina siku yake ya mwisho. Ataje somo, namba ya mtihani na kilichotokea, kisha abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Nawe mzazi, kabla ya kugomba, omba kuiona nakala hiyo.